Ubao mfupi na mpana kwa mawimbi madogo ya Tanganyika: ninunue au nichonge?

DadaWaBangwe

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaozifahamu mbao za mawimbi.

Nipo Kigoma mjini. Nataka ubao wa kutelezea mawimbi ya hapa ziwani, zaidi upande wa Ujiji ambako ufuko uko wazi, kipindi cha upepo wa kusini, Mei mpaka Septemba. Siku nzuri mawimbi ni ya magotini hadi kiunoni, na yanakuja yamefuatana, sekunde 4 au 5 kutoka moja hadi jingine. Nina kilo 68, urefu sentimita 170. Kusimama najua, kukata wimbi kwa pembeni najua, ila ubao niliojifunzia ni mrefu, futi 8, na ilikuwa baharini.

Kuna mtu Dar anauza ubao uliotumika: futi 5 na inchi 4, upana inchi 20, unene inchi 2 na robo. Anasema ni wa mawimbi madogo. Unanifaa? Kama haunifai, nichonge wa vipimo gani, na kwa vitu gani vinavyopatikana bila kuagiza kila kitu nje ya nchi? Fundi seremala ninaye, mtengeneza mitumbwi, mkono wake ni mzuri.

KusiMchana

Dada, huo wa Dar uache. Piga hesabu: sentimita 162 kwa 51 kwa 5.7 inakupa kama lita 47 za kisanduku. Ubao si kisanduku, umekatwa pua, mkia na kingo, kwa hiyo zidisha kwa 0.56 hivi. Unabaki na lita 26. Kwa kilo 68 hiyo ni lita 0.38 kwa kila kilo, kipimo cha mtu anayeteleza kila wiki kwenye mawimbi yenye nguvu. Hapa kwetu utapiga makasia ya mikono mpaka mabega yaume na wimbi litakupita chini ya tumbo. Wewe unahitaji lita 0.6 kwa kilo, yaani 41 au 42.

Na hapo ongeza kidogo kwa sababu ya maji yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025, ya ziwa ni kilo 1 tu. Ubao wa lita 40 baharini unakubeba kama wa lita 41 hapa Kigoma. Si tofauti ya kutisha, lakini ukiwa mpakani unaisikia kwenye kupiga mikono.

Sasa kwa nini uwe mfupi, badala ya kuongeza urefu tu ili upate hizo lita? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanachukulia wimbi dogo la ziwa ni sawa na wimbi dogo la bahari. Si sawa. Kwenye kina kirefu urefu wa wimbi, kilele hadi kilele, ni mita 1.56 zidisha kwa sekunde zake, kisha zidisha tena kwa sekunde hizohizo. Wimbi la sekunde 4 lina mita 25. Wimbi la bahari la sekunde 10 lina mita 156. Kimo kikiwa kilekile, la bahari limebeba nishati mara sita katika kila kilele. Hilo la ziwa halina akiba: likishavunjika linakwisha upesi, na uso wake unaoteremka ni mfupi. Ubao wa futi 8 unauzidi uso huo, pua inachimba maji huku mkia bado uko kwenye kilele. Ubao wa sentimita 170 unaenea ndani ya mteremko wenyewe.

Kwa hiyo ufupi unaamuliwa na wimbi, na upana unarudisha kile ufupi ulichoondoa. Upana pia ndio unaoinua ubao juu ya maji mapema, kabla wimbi halijasimama wima. Ila usizidishe. Ukivuka sentimita 59, mtu wa kimo chako anaanza kupiga mikono kwa kuzungusha mabega nje, na ubao unachelewa kuhama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Vipimo ambavyo ningekupa:

Urefu sentimita 172, upana 57, unene 7.3. Kwa umbo hili zidisha kwa 0.58, inakuja lita 41.5.
Upana wa pua, ukipima sentimita 30 kutoka nchani: 43. Upana wa mkia, sentimita 30 kutoka mwisho: 42.
Mkia wa mbayuwayu, ncha kwa ncha sentimita 24, mpasuko wa kina cha sentimita 12.
Sehemu pana kuliko zote iwe sentimita 3 mbele ya katikati.
Mapezi (vile vibao vinavyosimama chini ya mkia) mawili, mapana na mafupi, si matatu.

Umbo hili ni la zamani. Steve Lis wa San Diego, California, alilichonga mwaka 1967 kwa ajili ya kuteleza akiwa amepiga magoti, ndiyo maana ni fupi na pana, na mkia umepasuliwa. Mkia mpana mzima unaelea vizuri lakini unakataa kugeuka. Ukiupasua katikati, kila upande unakuwa na ncha yake ya kuuma maji.

PimaMaji

Nakubaliana na mkuu KusiMchana kwenye kila kitu, naongeza jambo aliloliruka, nalo ni mbinuko, yaani jinsi pua na mkia vinavyopinda kwenda juu.

Ukisoma habari za mbao za mawimbi madogo utakuta wengi wanasifia ubao ulionyooka kabisa. Baharini ni kweli, ubao ulionyooka unakimbia. Kwa sekunde 4 za hapa kuna shida: unaposimama tu, kuna mgongo wa wimbi lililotangulia mbele yako. Pua ikiwa chini inalichoma. Kwa hiyo acha mbinuko wa pua sentimita 11, lakini uuweke mbele: kutoka katikati kwenda mbele sentimita 40 za kwanza zipande kidogo sana, halafu theluthi ya mwisho ndiyo ibinuke. Mkia upe sentimita 4 tu. Kwa namna hiyo sehemu unayosimama imenyooka na inakimbia, na pua inaokoka.

Kupima: geuza ubao juu ya meza iliyonyooka, tumbo (upande wa chini) likiwa juu. Weka rula ndefu ya alumini katikati ya tumbo, iguse pale katikati ya ubao. Nafasi kati ya rula na ncha ya pua ndiyo mbinuko wa pua, vivyo hivyo mkiani. Usikisie kwa macho.

Kuhusu tumbo la ubao: mbele liwe tambarare, katikati kuanzia chini ya kifua weka kibonde chembamba cha milimita 3 au 4, kiishie kabla ya mapezi. Kibonde kirefu zaidi ya hapo kinavuta maji kwenye wimbi dogo. Kingo ziwe za mviringo laini mbele na katikati, ila sentimita 35 za mwisho upande wa chini ziwe na kona kali. Hiyo kona ndiyo inayoachia maji. Ukiizungusha kwa msasa bila kuangalia, ubao utahisi mzito na hutajua kwa nini.

MsasaSitini

Dada, mimi nitaongelea kuchonga, kwa kuwa fundi unaye.

Foamu. Tafuta polistaireni nyeupe ya ujenzi, ile ya kuzuia joto, yenye msongamano wa kilo 24 hadi 30 kwa mita ya ujazo. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10 ukipime kwenye mzani wa dijitali: kikiwa na gramu 24 hadi 30 uko sawa. Kikiwa na gramu 15 au 16, hiyo ni ya kufungashia, punje zake zimeshikana kilegevu, itabonyea chini ya visigino na ikipata ufa itakunywa maji. Ukubwa: sentimita 180 kwa 60 kwa 15. Unene wa 15 si ubadhirifu, kwa sababu pua inapanda sentimita 11 na bado inahitaji nyama juu yake.

Agiza Dar, isafiri imefungwa kadibodi pande zote. Karatasi nyembamba zilizogundishwa ili kufikia 15 zinasumbua, kwa sababu waya wa moto wa kukatia foamu ukikuta mstari wa gundi iliyokauka unakwama pale na kuchimba shimo kwenye foamu iliyo karibu.

Waya wa moto: nikromu ya milimita 0.4, urefu sentimita 75, umekazwa kwenye upinde wa mbao wenye springi, betri ya gari ya volti 12. Utavuta kama ampea 1.8. Waya usiwake mwekundu. Ukiwaka mwekundu unayeyusha njia pana kuliko unavyotaka. Kata violezo viwili vya plaiwudi vyenye umbo la ubao ukitazamwa kwa ubavu, vibandike pande zote mbili za bloku, viwe sawa kwa pima maji. Watu wawili, mmoja kila upande, mnahesabu pamoja namba zilizoandikwa kwenye violezo ili mwende mwendo mmoja. Mkisimama hata sekunde chache mnaacha mfereji. Fanyieni nje, moshi wake haufai kuvutwa.

Unene uwe 7.3 katikati, 4.5 ukiwa sentimita 30 kutoka puani, 4.8 ukiwa sentimita 30 kutoka mkiani.

Baada ya hapo pasua bloku katikati kwa urefu, weka uti wa plaiwudi ya milimita 4 uliokatwa kwa kiolezo kilekile, gundisha, funga kwa mikanda ya mpira, acha usiku kucha juu ya meza iliyonyooka. Hapa usiharakishe. Bloku ikikauka imejipinda, hakuna msasa utakaoinyoosha.

Umbo la nje: chora nusu moja tu kwenye hadibodi, ukate, uisawazishe mpaka kidole kikipita ukingoni kisisikie kigongo. Kiolezo hichohicho unakigeuza upande wa pili, na pande zote zinakuwa pacha. Kata kwa msumeno wa meno madogo, milimita 3 nje ya mstari, kisha malizia kwa kibao chenye msasa namba 60, kibao kikiwa wima. Fundi wako ataona foamu ni laini atataka kutumia randa. Aiweke randa pembeni. Randa inang'oa punje badala ya kuzikata, na kila punje iliyong'oka ni shimo litakalokula resini, ile gundi inayoganda na kuwa ngozi ngumu ya ubao. Msasa mkali, mkono mwepesi, ndiyo siri ya foamu hii. Anza na 60, nenda 100, malizia 150.

Utaratibu: tumbo kwanza, halafu uso wa juu, kingo mwisho. Kingo zichonge kwa mapande. Piga mstari sentimita 2 kutoka chini kuzunguka ubao mzima, na juu piga mistari miwili, sentimita 4 na sentimita 8 kutoka ukingoni. Kata pande la kwanza kuunganisha mstari wa chini na ule wa 4, halafu la pili kwenda kwenye ule wa 8. Sasa una kona tatu butu, unazilainisha kwa wavu wa msasa ukivuta kwa urefu kutoka pua hadi mkia. Zima taa za juu, washa taa mbili usawa wa kiuno, moja kila upande. Kivuli kitakuonyesha kila kigongo ambacho mchana hukioni.

DadaWaBangwe

Asanteni sana, nimenakili yote. Mambo mawili. Kwanza, foamu ya maboksi ya samaki ipo nyingi na ni ya bei ndogo, haiwezekani kabisa? Pili, kuna duka linauza resini ya kutengenezea boti za faibaglasi, ile ya kuchanganya na matone ya kigumisho, pamoja na mkeka wake. Naweza kutumia hiyo?

MsasaSitini

Maboksi ya samaki hapana. Ni sentimita 3 za unene, ya msongamano mdogo, na ungehitaji tabaka tano. Mistari minne ya gundi.

Hiyo resini ya matone ndiyo ya kuogopa zaidi. Ni polyester, na ndani yake kuna stairini, ambayo inayeyusha polistaireni. Ukiimwaga juu ya ubao wako utaona foamu inazama mbele ya macho yako na kubaki uji. Chukua kipande cha takataka udondoshe tone moja, utaona. Kwa foamu hii ni resini ya epoksi tu. Resini ya polyester ni ya foamu ya poliurethani, ambayo inauzwa ikiwa imeshaumbwa kama ubao na kuipata ni kazi nyingine.

Mkeka pia uache. Nyuzi zake zimelala ovyo, unakunywa resini mara mbili au zaidi ya uzito wake, na ubao unakuwa mzito. Unachotaka ni kitambaa cha faibaglasi kilichofumwa, gramu 200 kwa mita ya mraba.

KopoLaEpoksi

Nipokee hapo. Hesabu ya vifaa kwa ubao wa dada:

Kila tabaka la kitambaa, pamoja na mikunjo ya kingoni, ni kama mita ya mraba 1.1. Chini tabaka moja, juu tabaka mbili kwa sababu visigino na magoti viko juu. Jumla mita 3.3, gramu 660. Nunua mita 4 za mraba, mabaki utayatumia kwenye mapezi.

Epoksi: kulaza kitambaa gramu 800, kuziba foamu 250, makoti mawili ya kujaza (resini tupu juu ya kitambaa kilichokauka) gramu 300 kila moja, mapezi na viraka 200. Hiyo ni kilo 1.85. Nunua kilo 2.5 pamoja na kigumisho chake, maana utamwaga na utabakiza kwenye vikopo. Ubao ukikamilika uwe na kilo 3 hadi 3.6. Ukizidi kilo 4 jua resini imebaki nyingi kwenye kitambaa.

Kwanza ziba foamu. Epoksi iliyochanganywa na unga mwepesi wa kujazia, au pati nyepesi ya ukutani inayoyeyuka kwa maji, ipakwe kwa kikwanguo mpaka matundu yote kati ya punje yajae. Ukiruka hatua hii resini itazama matunduni na utatumia mara mbili.

Epoksi haina matone ya kuongeza ili ikauke haraka. Uwiano ulioandikwa kwenye kopo ndio huohuo, joto liwe kali au liwe pole. Ukiongeza kigumisho haikauki haraka, inabaki na unato milele. Pima kwa mzani, si kwa jicho, na uangalie kama uwiano wa kopo ni wa uzito au wa ujazo, maana si kitu kimoja. Koroga dakika 2 kamili ukikwangua kuta na chini, hamishia kikopo kingine, koroga tena kidogo. Changanya gramu 300 kwa mara moja na uimwage yote juu ya kitambaa. Ikikaa ndani ya kikopo inajipasha yenyewe, inafuka moshi na kuganda mkononi mwako. Ikitandazwa inatulia.

Sasa jambo ambalo naona hakuna aliyelisema, na ndilo linaloharibu mbao nyingi za foamu hii: saa ya kulaza kitambaa. Ndani ya foamu kuna hewa. Ukilaza kitambaa asubuhi, joto la chumba linapanda, hewa inatanuka, inatoka na kuinua vipovu chini ya kitambaa wakati resini inaanza kushika. Laza jioni, joto linapoanza kushuka. Foamu inavuta hewa ndani, na resini inafuata. Ubao ukae kwenye chumba hichohicho tangu mchana ili upate joto lake. Usiutoe juani ukauingiza kivulini ukaanza kazi, na usiupeleke juani kabla haujakauka.

Kulaza kwenyewe: tumbo kwanza. Kitambaa kining'inie sentimita 5 kuzunguka. Puani na kwenye mpasuko wa mkia kata mikato midogo ili kikunje bila kujaa makunyanzi. Mwaga resini katikati, isambaze kwa kikwanguo cha plastiki, iache dakika 3 inywe, kitambaa kibadilike kutoka cheupe hadi kisichoonekana. Ndipo ukwangue ya ziada. Ikiwa nyuzi bado zinaonekana mfumo wake na uso haung'ai, umefanya vizuri. Uso unaong'aa kama kioo wakati huu maana yake kitambaa kinaelea juu ya resini, na hapo ndipo uzito unapoingia. Kunja kingo chini, acha saa 12, geuza, fanya juu tabaka mbili kwa pamoja.

Kabla ya koti la kujaza osha uso kwa maji safi na kitambaa, kausha, piga msasa 100. Epoksi ikikauka huacha utando wa mafuta usioonekana, na koti la juu yake linajikunja vijicho vidogo vya duara. Jasho la mkono linaleta vijicho vilevile, kwa hiyo glavu wakati wote. Vumbi la faibaglasi lisikuingie mapafuni, vaa barakoa ya vumbi laini, si kitambaa cha mdomoni.

SeremalaUnyanyembe

Wadau, nipo Tabora, mbao ndiyo kazi. Swali: kwa nini msichonge ubao mzima wa mninga mkaachana na hizi kemikali? Unakaa majini miaka.

PimaMaji

Kaka, uzito. Mninga mkavu una kilo 600 hivi kwa mita ya ujazo. Lita 41.5 za mninga mtupu ni kilo 25. Unaelea, lakini ukikupiga wewe au mtoto anayeogelea jirani ni hatari, na kuubeba tu ni kazi. Kuna njia ya ubao mtupu ndani, mbavu za plaiwudi na ngozi ya milimita 4 kama mtumbwi uliofunikwa juu, unashuka hadi kilo 8 au 9. Unafanya kazi, ila kila kiungo kinachovuja kinaujaza maji, na mbinuko ukishafungwa hauubadilishi tena.

Mninga wako una mahali pake kwenye ubao wa dada. Mapezi, na kipande cha kufungia kamba ya mguuni, ile inayokuunganisha na ubao.

Mapezi: plaiwudi ya maji ya milimita 9 ni bora kwa sababu tabaka zake zimepishana, mninga wa kukata kwa upande mmoja hupasuka kwa urefu. Lakini mninga wa tabaka tatu za milimita 3 uliogundishwa kwa kupishanisha nyuzi ni mzuri sana. Msingi wa pezi sentimita 22, kimo 12. Upande wa nje uchongwe mviringo, mnene kwenye theluthi ya mbele na mwembamba wa milimita 2 nyuma. Upande wa ndani uwe bapa. Mistari ya gundi kati ya tabaka inakusaidia: ukichonga vizuri inaonekana kama mistari ya kimo kwenye ramani, ikipinda sawasawa kwenye mapezi yote mawili.

Mahali: ukingo wa nyuma wa pezi uwe sentimita 15 kutoka ncha ya mkia, na msingi sentimita 3.5 kutoka ukingoni. Yaelekezwe ndani kidogo, ncha ya mbele ikaribie katikati kwa milimita 5 kuliko ya nyuma. Yakiwa sambamba kabisa ubao unakataa kuanza kugeuka. Ukizidisha ndani, yanavutana na ubao unakuwa mzito. Yasimame karibu wima, yalale nje nyuzi 4 tu.

Chini ya kila pezi weka kiraka cha kitambaa cha sentimita 30 kwa 15 kabla ya koti la kujaza. Shika pezi kwa epoksi nzito, likikauka weka uzi wa resini yenye nyuzi zilizokatwakatwa pembeni mwa msingi, halafu tabaka mbili za kitambaa kila upande zinazopanda pezi na kulala kwenye tumbo sentimita 5. Bila hivyo, siku mapezi yatakapogusa mchanga yatang'oka na ngozi yake.

SeremalaUnyanyembe

Nimeelewa, kilo 25 hapana. Vipande vya milimita 3 naweza kupasua na kurandia, vikaja kwa treni, dada aniambie tu. Na nta ya kupaka juu ya ubao miguu isiteleze? Huku nta ya nyuki tunayo.

KusiMchana

Nta ya nyuki peke yake inateleza ikilowa. Pa kuanzia: nta sehemu 3, mafuta ya nazi sehemu 1, utomvu wa mti uliosafishwa sehemu 1. Yeyusha ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, si moja kwa moja motoni, inashika moto. Mimina kwenye vikopo vidogo. Maji ya ziwa juu juu yana nyuzi 24 hadi 28, kwa hiyo ikilegea mguuni punguza mafuta, ikiwa ngumu kama sabuni yaongeze. Paka kwa miduara midogo mpaka yatokee matonematone, hayo ndiyo yanayoshika.

Dada, kuhusu mahali. Pwani nyingi za Tanganyika zinashuka ghafla, na pale wimbi linavunjika juu ya mchanga wenyewe, hakuna pa kuteleza. Tafuta mahali ambapo ukitembea mita 30 ndani bado maji ni ya kiunoni. Wimbi la sentimita 60 linavunjika kwenye kina cha kama sentimita 80, kwa hiyo ukianguka anguka bapa, usitangulize kichwa. Midomo ya mito ina mchanga mzuri wa namna hiyo, ila usiende: Luiche na Malagarasi waachie mamba. Popote pengine waulize wavuvi kwanza, wanajua kilichoonekana wiki hiyo na wapi nyavu zimetegwa. Kichocho kipo, konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, epuka kuingilia hapo na upime kila mwaka.

Saa nzuri ni pale upepo unapoanza kupungua. Uso unalainika huku mawimbi bado yanafika. Usisubiri sana, mawimbi mafupi hufa upesi upepo ukikata.

DadaWaBangwe

Fundi amekubali, foamu naagiza wiki hii. Seremala, nahitaji vipande sita vya 25 kwa 15, milimita 3. La mwisho: kuna ulazima wa kile kizibo cha hewa ninachokiona kwenye mbao za foamu hii?

KopoLaEpoksi

Upo. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ubao uliofungwa hapa ukishushwa Dar unabanwa, uliofungwa Dar ukipandishwa huku unavimba. Na hata usipousafirisha, jua la saa sita linatosha kutanua hewa ya ndani mpaka ngozi iachane na foamu chini ya visigino, kwa sababu hapo ndipo inapolegea kwanza. Uwe mweupe, usipakwe rangi nyeusi, na usiuache kwenye mchanga.

Kizibo: boliti ya chuma kisichoshika kutu ya milimita 6 na nati yake, vyote vimezamishwa kwenye kipande cha mninga cha sentimita 3 kwa 3, ndani ya foamu, upande wa juu, sentimita 40 kutoka puani kando ya uti. Kipande cha kamba ya mguuni ni kingine, sentimita 4 kwa 4 kwa 3, sentimita 8 mbele ya mpasuko wa mkia. Vyote viwili vizamishe kabla ya kulaza kitambaa cha juu, ili kitambaa kipite juu yake, kisha utoboe. Mpira wa kuzuia maji uwe chini ya kichwa cha boliti. Kaza kabla ya kuingia majini, legeza ukitoka, na uandike KAZA kwa wino juu ya ubao kabla ya koti la mwisho.